Moyo Uliopunguziwa Mbio

Kidonge chenyewe kilikuwa cha miligramu 6.25, nami niliambiwa nikikate. Nusu asubuhi, nusu jioni, baada ya kula. Mke wangu alikuwa akikikata kwa wembe juu ya kisahani, na aghalabu upande mmoja ulitoka mkubwa kuliko mwenzake. Dawa inaitwa kavediloli, ya lile kundi ambalo madaktari wanaliita beta-bloka. Wakati huo sikuwa naweza kutoka chumbani hadi uani bila kusimama njiani kuhema, na ndicho kipande nilichopewa kinitibu.

Nawaandikia wenzangu walioambiwa "moyo umetanuka" au "moyo umechoka", na wanaowauguza, kwa sababu dawa hii inakwenda kinyume na mazoea yetu. Sisi tumezoea dawa unayomeza ukaiona kazi yake: kichwa kinauma, unameza, kinapoa. Hii utaanza nayo kwa kujisikia hovyo zaidi. Faida yake inakuja baada ya miezi, na inakuja kimyakimya.

Habari ya ugonjwa nitaipitia haraka, maana inafanana na ya wengi. Presha ya kupanda nilikuwa nayo miaka mingi. Kisha kikaja kikohozi cha usiku. Zahanati ya kwanza walipima makohozi kutafuta kifua kikuu, hawakukiona. Nikapewa dawa za nimonia, baadaye za pumu. Nikawa silali ila nimeegemea mito, nikijilaza chali nashtuka kama mtu anayezama. Miguu ikavimba, viatu vya shule vikanikataa. Mwisho nikafika hospitali ya rufaa, na daktari mmoja, binti wa umri wa wanangu, akanibonyeza kidole kwenye muundi. Shimo likabaki pale pale. Hakusema pumu tena. Akanipeleka kupigwa picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, halafu eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Eko ndiyo iliyoleta ile namba: asilimia 25.

Hapa inafaa nisimame, kwa sababu namba hii imewatesa watu wengi. Nyumbani walipoisikia walilia. Shemeji yangu akauliza, "Yaani moyo umebaki robo tu?" Sivyo. Namba ile inahesabu sehemu ya damu inayosukumwa nje na chumba kikubwa cha kushoto kila moyo unapojikaza, ikilinganishwa na damu iliyokuwemo chumbani kabla ya kujikaza. Hakuna moyo wa mwanadamu unaotoa damu yote. Wenye afya njema hutoa takribani asilimia 55 hadi 70. Ikishuka hadi 40 au chini yake, madaktari wanasema moyo unashindwa kwa sababu ya msukumo hafifu, na dawa ninazozieleza hapa zimethibitishwa hasa kwa watu wa kundi hilo. Wako wengine ambao msukumo wao ni mzuri lakini moyo umekakamaa na hautanuki vizuri kupokea damu. Hao nao huvimba na kuhema, ila mambo yao ni mengine na dawa zao hazifuati mstari huu moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "na mimi nina moyo", muulize kwanza eko yake inasemaje kabla hujamgawia ushauri wako.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kidato cha tatu, mada ya uratibu, nimewafundisha watoto wa watu kwamba adrenalini ni homoni ya kupigana au kukimbia: mboni zinapanuka, moyo unakwenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli. Tulikuwa tukiichora ubaoni kwa chaki ya rangi. Kitabu kinaisifu, na kwa mtu anayefukuzwa na mbwa sifa hizo ni za haki. Kitabu hakisemi inakuwaje homoni hiyo, pamoja na ndugu yake noradrenalini, zikikaa mwilini usiku na mchana mwaka mzima.

Daktari wangu alinieleza akiwa amesimama, faili kwapani.

"Mwalimu, ile methali ya punda na mzigo wa bwana unaijua?"

"Punda afe, mzigo wa bwana ufike," nikamjibu.

"Basi moyo wako ndiye punda. Umechoka, na mwili unauchapa ili mzigo ufike. Mjeledi ni hiyo adrenalini mnayofundisha. Dawa hii haimpi punda nguvu, mzee wangu. Inauzuia mkono unaochapa."

Nilikaa na maneno yale muda mrefu. Kisayansi yako hivi. Moyo ukidhoofika, damu inayozunguka inapungua, na mwili unatafsiri hali ile kama mtu aliyejeruhiwa na kuvuja damu. Unaamsha neva zake za dharura. Moyo unaamriwa kupiga haraka na kwa nguvu, mishipa inabanwa, figo zinashika chumvi na maji. Kwa saa chache mpango huo unaokoa maisha. Kwa miezi, unaua. Seli za moyo zinaumia na nyingine zinakufa, chumba cha kushoto kinatanuka, kuta zake zinabadilika umbo. Seli zenyewe zinapunguza vipokezi vyake vya adrenalini, kana kwamba zimechoka kusikia kelele. Beta-bloka inakwenda kukaa kwenye vipokezi hivyo, na homoni inapofika inakuta mlango una mtu. Moyo unapunguza mbio, unapata muda wa kujaa damu kati ya pigo na pigo, na taratibu sana unaanza kujijenga upya.

Lakini hawakunianzishia siku ile. Kwanza walinikausha. Nilipewa dawa ya kutoa maji kwa sindano, furosemidi, nikawa mtu wa kwenda msalani usiku kucha, na uzito ukashuka hadi suruali zikanipwaya. Wakaniwekea na dawa nyingine mbili za moyo, enalaprili, baadaye spironolaktoni. Ni pale mapafu yalipokuwa hayana maji tena na miguu imerudi kuwa miguu ndipo kikaja kile kipande cha kavediloli. Utaratibu huo una sababu yake. Moyo uliojaa maji unasimama kwa mjeledi ule ule unaoutesa, na ukimnyang'anya mtu mjeledi ghafla akiwa kwenye hali hiyo unaweza kumzamisha. Ndiyo maana dozi inaanza chini namna ile, na inaongezwa mara mbili kila baada ya wiki mbili au zaidi: 3.125, kisha 6.25, kisha 12.5, hadi 25 kutwa mara mbili kwa anayeweza kufika. Bisoprololi nayo inaanzia 1.25 na kupanda hadi 10 kwa siku.

Majuma ya mwanzo yalikuwa magumu. Uchovu nilioupata haukuwa wa kazi. Ulikuwa kama wa mtu aliyekesha msibani siku kadhaa. Mikono ilikuwa baridi, na Tanga ile mwezi wa pili, watu wanajipepea kwa magazeti. Nikisimama ghafla kutoka kitini dunia inazunguka. Kila dozi ilipopandishwa, hali ilirudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Safari moja uzito ulipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, kifundo cha mguu kikaanza tena kuota uvimbe.

Hapa ndipo wengi wanapoachana na dawa, nami nawaelewa kabisa. Mtu ana akili zake: nimemeza, nimezidi kuumwa, basi dawa ni mbaya. Jirani zangu wote walikuwa na shauri hilo. Daktari hakuigusa kavediloli. Aliongeza dawa ya kutoa maji kwa siku chache, akaahirisha kupandisha dozi, akasema tusubiri. Uzito ukarudi. Laiti tungekuwa tunaamua kwa kujisikia kwangu tu, ningekuwa nimeacha.

Kwa hiyo tulitafuta cha kufuata zaidi ya kujisikia. Nilinunua mizani ya bafuni na daftari la mistari. Kila alfajiri, baada ya kutoka msalani na kabla ya kunywa chai, napanda mizani nikiwa na msuli tu. Kisha nakaa kitako, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, mke wangu anashika saa, tunahesabu mapigo ya dakika nzima. Tulipewa mipaka: kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu tupige simu, mapigo yakishuka chini ya 50 tupige simu, na nikizimia tusipige simu bali twende moja kwa moja. Daftari lile limefanya kazi kubwa kliniki kuliko maneno yangu. Ukimwambia daktari "najisikia vibaya vibaya", atakuandikia anachoweza kukisia. Ukimfungulia ukurasa, anasoma.

Baadaye, nguvu ziliporudi kidogo, nilianza kusoma historia ya dawa hii, na nilicheka peke yangu. Beta-bloka ya kwanza kutumika sana, propranololi, ilitokana na kazi ya James Black wa Uskoti miaka ya 1960, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Alikuwa akitafuta dawa ya maumivu ya kifua ya wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa, dawa hizo zilikatazwa. Wanafunzi wa udaktari walifundishwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na kwa mantiki ya darasani ni sawa: moyo dhaifu utaupaje dawa ya kuudhoofisha? Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Uswidi, wakaandika kuhusu wagonjwa saba wenye misuli ya moyo iliyotanuka waliopewa beta-bloka wakapata nafuu. Wagonjwa saba! Wengi hawakuwaamini, na dunia ilichukua miaka zaidi ya 20 kukubali.

Ushahidi mzito ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Utafiti wa CIBIS-II wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuwa na wagonjwa 2647. Waliopewa bisoprololi walikufa kwa asilimia 11.8, na waliopewa kidonge kisicho na dawa kwa asilimia 17.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka huo huo MERIT-HF ukaonyesha jambo hilo hilo kwa metoprololi ile inayotoka taratibu, na mwaka 2001 COPERNICUS ukafanya vivyo hivyo kwa kavediloli, tena kwa wagonjwa waliokuwa taabani kabisa. Tafiti hizo mbili nazo zilisimamishwa mapema. Mimi kama mwalimu nasema hili linafaa kusomeshwa: kitu kilichokatazwa vitabuni kikageuka kuwa nguzo ya tiba kwa sababu watu walikubali kupima badala ya kubishana.

Tafiti hizo kwa sehemu kubwa ni za watu wa Ulaya na Marekani, ambako mgonjwa wa moyo wa namna yangu mara nyingi ni mzee, na chanzo mara nyingi ni mishipa iliyoziba. Kwetu sura ni nyingine. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012, uliokusanya wagonjwa 1006 kutoka nchi 9 za Afrika, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Kwenye benchi la kliniki unaliona hilo bila kusoma utafiti wowote. Kuna akina mama waliougua baada ya kujifungua, wengine bado wana mtoto mgongoni. Kuna vijana ambao vali zao, yaani vile vilango vya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Kuna madereva, wavuvi, walimu. Watu wenye watoto shuleni bado.

Jambo la duka la dawa nalo lazima nilieleze. Kuna mwezi kavediloli ilikosekana. Duka moja wakanipa atenololi, na kijana aliyekuwa dirishani akanitia moyo, "Chukua tu mzee, zote hizi ni zile zile, si unaona mwisho wa jina?" Nikamwambia asante mwanangu, nikampigia daktari. Si zile zile. Kwa moyo ulioshindwa kwa msukumo hafifu, zilizojaribiwa zikaonekana kurefusha maisha na zinazopendekezwa kwa kawaida ni bisoprololi, kavediloli na metoprololi ya kutoka taratibu. Ulaya wana na nebivololi kwa wazee. Atenololi haina ushahidi wa namna hiyo kwa ugonjwa huu. Hata metoprololi ya kawaida, ile ya kutoka haraka, ilishindanishwa na kavediloli katika utafiti wa COMET mwaka 2003 ikaachwa nyuma. Na bucindololi, iliyojaribiwa huko Marekani kwa matumaini makubwa, haikuonyesha faida ya wazi ya kupunguza vifo. Majina yanafanana kama ya watoto wa baba mmoja, tabia ni mbalimbali. Daktari alinihamishia bisoprololi kwa hesabu yake mwenyewe ya dozi, na dawa ilipopatikana akanirudisha. Siku hizi nanunua kabla haijaisha, kwa sababu kuikatiza ghafla kuna hatari yake: adrenalini iliyokuwa imezuiwa inarudi kwa kishindo, moyo unakwenda mbio, unaweza hata kupoteza mpangilio wa mapigo.

Duka hilo hilo la dawa ndipo zinapouzwa diklofenaki na ibuprofeni kama karanga. Goti likiuma mtu anameza, anashangaa kesho kutwa miguu imevimba. Dawa hizo zinafanya figo zishike chumvi na maji. Mwenye moyo kama wangu azikwepe, aseme mapema dirishani kwamba ana ugonjwa wa moyo.

Eko ya pili ilikuja baada ya kama nusu mwaka hivi: 34. Ya tatu, niliyopimwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ilisoma 46. Chumba cha kushoto kilikuwa kimepungua upana. Mpimaji alirudia vipimo vyake, akageuza kioo nione. Sikuelewa kitu katika vile vivuli, lakini nilielewa uso wake. Sikufika dozi ya 25. Mapigo yalipokuwa yanachezea 52 na kizunguzungu hakiishi tuliishia 12.5, daktari akasema dozi unayoivumilia kila siku ni bora kuliko dozi ya kitabuni unayoiruka. Na si beta-bloka peke yake iliyofanya kazi hiyo, sitaki kumdanganya mtu. Zilikuwa dawa kadhaa pamoja, na chumvi iliyopunguzwa mezani, jambo ambalo kwa nyumba iliyozoea samaki wa ng'onda lilizua mgogoro wa kweli.

Sasa kuhusu kupona. Tulikuwa na mwenzetu kliniki, mvuvi wa upande wa Pangani, mtu wa mzaha. Eko yake ilipanda kuliko yangu, akarudi baharini, akaona dawa hazina kazi tena. Alirudi wodini ndani ya mwaka ule, anahema kama siku ya kwanza. Wengine walimlaumu. Mimi sikuona cha kumlaumu, maana swali lake ni la busara: moyo ukirudi kawaida, dawa ya nini? Madaktari wa London walilipima swali hilo hilo katika utafiti wa TRED-HF. Walichukua watu 51 ambao moyo wao uliotanuka ulikuwa umerudi vizuri na hawana dalili. Kati ya 25 waliosimamishiwa dawa hatua kwa hatua, 11 ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi sita. Kati ya walioendelea na dawa katika muda huo, hakuna hata mmoja. Kwa wengi, basi, moyo ulikuwa umetulia kwa kushikiliwa na dawa. Mvuvi yule yuko hai, anameza dawa zake, na mzaha umerudi.

Wanaume kwenye benchi huniuliza jambo moja kwa sauti ya chini, nami nitalijibu kwa sauti ya kawaida. Ndiyo, dawa hii inaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watu. Ugonjwa wenyewe unazipunguza pia, na presha, na sukari, na hofu. Mwambie daktari. Kuna aina ya kubadilisha na dozi ya kurekebisha. Usiiache dawa kimya kimya nyumbani, wala usinunue vidonge vya kuongeza nguvu mtaani: vile vya kundi la sildenafili vikikutana na dawa za moyo za naitreti, presha inaweza kuanguka hadi ukapoteza maisha. Wenye pumu ya kweli, wenye sukari wanaotumia insulini, nao waseme mapema. Beta-bloka inaweza kubana njia za hewa, na inaweza kuficha yale mapigo ya haraka yanayomwonya mtu kwamba sukari yake imeshuka.

Na Ramadhani. Huu ni Tanga, swali hili halikosi. Si kila mwenye ugonjwa huu anaruhusiwa kufunga, na mwaka wa kwanza mimi sikufunga, nililisha masikini. Mwaka uliofuata nilikwenda kliniki Shaaban ikiwa bado katikati, tukapanga. Kavediloli inakwenda na chakula, kwa sababu chakula kinaichelewesha kuingia kwenye damu na kizunguzungu kinapungua, kwa hiyo moja ikawekwa baada ya futari na nyingine daku. Shida ilikuwa dawa ya kutoa maji. Ukiinywa daku, unashinda na kiu ya kukausha ulimi. Ukiinywa futari, tarawehe huimalizi. Tuliiweka futari, nikawa naswalia safu ya nyuma, karibu na mlango.